Samaki Walioitwa Takataka

Nataka kugombana na neno moja. Ni neno lililozoeleka vinywani, na aghalabu husemwa pasipo nia mbaya; walakini limekwisha kutia nchi zetu hasara ambayo haijalipwa mpaka leo. Neno lenyewe ni takataka. Siligombezi linaposemwa juu ya maganda ya ndizi yaliyotupwa njiani, wala juu ya makaratasi yanayopeperuka uwanjani. Naligombeza linaposemwa juu ya kiumbe hai, au juu ya mahali wanapoishi viumbe hai, kwa sababu tu kiumbe hicho au mahali hapo hapana bei sokoni. Na nimekuchagua wewe, msomaji, uliye darasani na mtihani mbele yako, niseme nawe kabla ya watu wazima wenye madaraka. Wewe unafundishwa elimu ya viumbe na makao yao, iitwayo ikolojia, na kwa jinsi unavyofundishwa yamkini utatoka shuleni na cheti kizuri mkononi na neno lile lile mdomoni.

Litazame daftari lako. Pana ukurasa wenye kichwa Mnyororo wa Chakula, na chini yake pamechorwa majani, swala na simba, wakiunganishwa kwa mishale miwili. Mtoto wa Homa Bay huchora simba huyo. Mtoto wa Lamu naye humchora, ilhali nyuma ya nyumba yao pana mikoko, kaa na chaza ambao wangemfundisha mengi zaidi bila ya kumtisha. Kisha hufuata orodha ya maana: mzalishaji ni mmea ujipikiao chakula kwa mwanga wa jua, mlaji wa kwanza ni mnyama alaye mmea, mlaji wa pili ni mnyama amlaye mlaji wa kwanza, mwozeshaji ni kijidudu au kuvu arudishaye mizoga ardhini. Maneno haya ni ya kweli yote, na mwalimu aliyeyaandika ubaoni hakukudanganya. Lakini ukiyashika kama shanga zilizotungwa katika uzi mmoja, utaamini kuwa dunia nayo imetungwa hivyo, na kwamba mtu akitaka anaweza kuchomoa shanga moja asiyoipenda, akatia nyingine iliyo kubwa na ya kung'aa, uzi ukabaki uzi. Watu wazima waliosoma kuliko mimi na wewe waliamini hivyo juu ya ziwa lililo kubwa kupita yote Afrika. Nitakueleza yaliyotokea.

Ziwa Viktoria lina eneo la kadiri ya kilomita za mraba 68,800. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Sisi wa Kenya tuna kadiri ya asilimia 6 tu, nayo ni hasa ile ghuba ya Winam inayoingia mpaka Kisumu. Kwa ukubwa wake ziwa hili si la kina kirefu. Mahali palipo na kina kuliko pote hapafiki mbali kupita mita 80. Wenye elimu ya miamba wamefukua tope la chini yake wakaona kwamba kiasi cha miaka 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Katika maji hayo mapya walizaliana samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu na watu wa upande wa Mwanza huwaita furu. Urefu wao aghalabu haupiti kiganja cha mkono. Kwa mtu mwenye njaa ni samaki mmoja tu, mdogo na mwenye miiba. Kwa mtu mwenye subira ni zaidi ya aina 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Hebu tutue hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Aina zote hizo ziliwezaje kukaa pamoja pasipo kunyang'anyana chakula? Jibu limo midomoni mwao. Pana fulu wenye meno ya kukwangua mwani juu ya mawe. Pana waliojaliwa taya nzito za kuvunja magamba ya konokono. Pana wanaochuja vijidudu vya majini, wanaotafuta mabuu ya wadudu katika tope, wanaokula samaki wenzao. Na pana wengine, haya ni ya ajabu, wanaoishi kwa kuiba mayai na watoto. Fulu jike hubeba mayai yake kinywani mpaka yaangulike, basi mwizi huyu humwendea mama na kumlazimisha ayateme. Lakini walio wengi kwa uzito walikuwa wale wanyonge wasiosifiwa na mtu: walaji wa mwani mdogo uelao majini, na walaji wa mabaki yaliyooza chini ya ziwa. Daftari lako lina neno kwa jambo hili. Linasema kuwa kila kiumbe kina nafasi yake, yaani kazi aifanyayo na riziki aipatayo katika makao yake. Umelikariri, nina hakika. Sasa umeliona likiwa na meno na taya.

Samaki hawa, watu wa kando ya ziwa walikuwa wakiwala. Waliwaanika juani, wakawapika, wakawapelekea jamaa walio mbali na maji. Lakini serikali ya kikoloni na wenye biashara hawakuwataka. Walichotaka ni ngege, samaki mtamu wa sahani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na 1905 zikaletwa nyavu za kutega zilizoshinda kwa mbali mitego ya jadi. Ngege akasafirishwa kwenda miji ya ndani, akavuliwa, akavuliwa tena, mpaka akaanza kuadimika. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Michael Graham, alilipima ziwa hili na kueleza hali hiyo. Alionya pia, katika taarifa yake, kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa ni hatari. Onyo hilo liliandikwa miaka zaidi ya 30 kabla ya hatari yenyewe kutendwa kwa idhini, wala halikufichwa.

Ngege alipokuwa akipungua, fulu walikuwa tele, na ndipo neno letu lilipoingia kazini. Katika lugha ya maofisa wa uvuvi wa zama zile fulu waliitwa samaki takataka. Sikiliza sasa hoja yao, maana ilikuwa na umbo la hoja njema. Walisema: ziwa limejaa samaki wadogo wasio na faida; yuko samaki mkubwa, mbuta, anayeishi katika Mto Naili, katika Ziwa Albert na katika Ziwa Turkana, asiyeweza kupanda mpaka Viktoria kwa sababu ya poromoko la Murchison; tukimchukua kwa mikono yetu na kumtia ziwani, atakula takataka na kuzigeuza nyama. Mbuta hukua kupita kilo 100. Aidha, walisema, wazungu wapendao kuvua kwa ndoana watapata mchezo mzuri. Tazama, msomaji, jinsi hoja hii inavyofanana na ukurasa wa daftari lako: fulu, mshale, mbuta, mshale, mtu. Mnyororo ulionyoka, usio na tawi.

Alikuwapo aliyepinga. Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe vya majini aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja, aliandika mwaka 1960 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki kuwa jambo hilo lisifanywe. Wako waliomjibu wakitetea. Lakini wakati mabishano yakiendelea kwenye karatasi, samaki walikuwa wamekwisha kutiwa majini kimyakimya upande wa Uganda tangu katikati ya miaka ya 1950. Na katika 1962 na 1963 wengine wakatiwa hadharani. Mwenye kusema kwamba ukoloni uliuliza kwanza na kutenda baadaye na aipange tarehe hizi upya. Wala wenyeji wa ziwa, waliokula fulu na waliojua majina ya samaki hata wataalamu wasiyoyajua, hawakuwa na kiti katika mabishano hayo.

Kwa muda wa miaka kama 20 haikuonekana ajabu kubwa. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa toka 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba fulu bado walikuwa kadiri ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya ziwa. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 katika ghuba yetu, na katika miaka ya 1980 sehemu nyinginezo, mbuta wakafumka. Wavu uliokuwa ukileta fulu ukaanza kuleta mbuta, na mwisho ukaleta mbuta peke yao. Ndani ya miaka michache fulu wakawa hawafiki hata sehemu moja katika mia ya samaki waliovuliwa. Wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Hapana mahali pengine ambapo watu wa zama zetu wameshuhudia wanyama wenye uti wa mgongo, wa aina nyingi hivyo, wakitoweka kwa kasi kama hiyo.

Nani basi aliyebaki kula mwani? Hili ndilo swali ambalo mchoro wenye mishale miwili hauwezi kuliuliza, kwa kuwa katika mchoro huo fulu alikuwa na kazi moja tu, kuliwa. Ziwani alikuwa na kazi mia. Walaji wa mwani na wa mabaki walipoondoka, sehemu kubwa ya chakula kile ikakosa mlaji, ikafa, ikazama. Mizoga ya mwani ikizama huozeshwa na bakteria, na bakteria hutumia oksijeni kama wewe na mimi. Katika majira ya joto maji ya ziwa hugawanyika matabaka, ya juu yenye joto na ya chini yenye baridi, yasichanganyike; oksijeni iliyokwisha chini haipati wa kuileta kutoka juu. Hivyo maji ya kina yakawa, kwa miezi mingi ya mwaka, mahali ambapo samaki hawezi kuvuta pumzi. Sisemi kwamba kutoweka kwa fulu peke yake ndiko kulikoleta maafa haya. Yapo mambo ya nchi kavu nitakayoyafikia. Nasema kwamba wale walioitwa takataka walikuwa miongoni mwa wafagizi wa ziwa, na tuliwafukuza wafagizi katika miaka ile ile tuliyozidisha kutupa.

Vivyo hivyo walaji wa konokono. Unajua, kama ulisikiliza somo la afya, kuwa konokono wengine wa majini hubeba vimelea vya kichocho. Mtu mwenye pupa angerukia kusema kwamba kupungua kwa fulu wavunja magamba kumezidisha kichocho kando ya ziwa. Mimi sirukii, ushahidi wa jambo hilo katika ziwa letu sio wa kutosha kulisema kwa kiapo. Nalitaja ili uone namna ya kufikiri: ukimwondoa mlaji, usiache kumwuliza aliyekuwa akiliwa yuko wapi.

Sasa na tumpe nafasi anayetupinga, maana hoja yake si dhaifu, na ni aibu kumpiga mtu aliyefungwa mikono. Atasema hivi: Wewe walilia visamaki, walakini mbuta amejenga nchi. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa kiasi cha tani 100,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970, yalipanda yakapita tani 500,000 yapata 1990. Viwanda vya kukata minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza, Jinja na kwingineko. Minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege na kwa meli. Fedha za kigeni zikaja. Vijana wakapata kazi, watoto wakalipiwa karo. Pengine wewe mwenyewe, msomaji, karo yako ililipwa na mbuta. Je, huo ni msiba?

Hesabu hizo ni za kweli, na mtu asizipuuze. Lakini zinapima nini? Zinapima kilichoingia kwenye mizani ya mnunuzi. Fulu walipokuwa wengi hawakutafutwa sana na wenye mashua kubwa, hivyo uzito wao ulikaa majini, nje ya hesabu. Mizani ilipoanza kuandika, iliandika mbuta. Pili, kumbuka kanuni uliyoikariri, kwamba katika kila hatua ya kuliwa nguvu ipitayo ni kadiri ya sehemu moja katika kumi, na sehemu tisa hupotea katika joto la mwili, mwendo na mabaki. Ukiitumia kanuni hiyo kwa makadirio, mbuta wa kilo 50 ametumia samaki wadogo kama kilo 500, na hao wametumia mwani au vijidudu kama kilo 5,000. Mtu aliyekuwa akila fulu alikaa hatua moja karibu na jua. Alaye mbuta amerudi hatua moja nyuma. Ukiuliza mavuno yaliwezaje kupanda juu ya hasara hiyo, jibu ni kwamba ziwa lenyewe lilikuwa limeanza kulishwa kupita kiasi kwa udongo na uchafu wa nchi kavu, likazaa mwani mwingi kuliko zamani. Na mbuta, alipokwisha kuwamaliza fulu, aligeukia uduvi, akageukia omena, akageukia hata watoto wake mwenyewe. Katika mpango wa maofisa haya hayakuwamo. Hayakuwamo kwa sababu mpango ulikuwa mstari, na ziwa ni utando: ukivuta uzi wa pembeni, katikati hutikisika.

Tena neema ile haikukaa. Mbuta wakubwa wamevuliwa mno, na waliobaki wengi ni wadogo. Omena, samaki mfupi kuliko kidole, ambaye hapana ofisa aliyemsimamishia hoja, ndiye leo anayeongoza kwa uzito katika mavuno ya ziwa. Alinusurika kwa sababu huzaa upesi na kuishi katika maji ya juu. Tukamshukuru vipi? Sehemu kubwa ya omena husagwa ikawa chakula cha kuku. Na baadhi ya fulu, tangu miaka ya 1990 mbuta walipoanza kupungua, wameanza kurudi kwa wingi, ingawa si aina zote, na wengine wamerudi na desturi mpya za kula. Furaha hiyo naipokea, lakini sitaki itumiwe kama msamaha. Aliyechoma maktaba haachiliwi kwa kuwa vitabu vichache viliponea chini ya kifusi.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana katika vitabu vya mavuno, nayo iko jikoni. Fulu na omena hukaushwa kwa jua, na jua halina bei. Mbuta ana mafuta mengi. Ukimwanika juani huoza. Hana budi kukaangwa au kubanikwa kwa moshi. Kuni hizo zikatoka wapi? Zikatoka katika miti ya vilima vya kando ya ziwa. Hivyo samaki mmoja aliyetiwa majini akaufikia mti uliosimama mlimani, na mti ulipoanguka udongo ukateremka na mvua ukaingia majini tena. Ni nani angeuchora mshale huo? Na mama aliyekuwa akinunua fulu kwa senti chache, viwanda vilipokuja kununua mbuta kwa bei ya Ulaya, alirudi sokoni akakuta ameachiwa kichwa na mifupa. Watu wetu, ambao hawakosi jina la jambo, waliita kitoweo hicho mgongo wazi. Minofu ilikwenda kwa wengine. Wale walioahidiwa kuwa takataka zingegeuzwa nyama kwa ajili yao ndio waliobakiziwa takataka za kiwandani.

Nimesema nitafika nchi kavu. Nyando, Nzoia, Yala na Sondu hushuka kutoka katika nchi za mashamba. Mito hii, na hasa Nyando, hugeuka rangi ya matofali mvua ikinyesha, na rangi hiyo ni shamba la mtu linasafiri. Pamoja na udongo husafiri naitrojeni na fosforasi, mbolea isiyoliwa na mmea, samadi, na maji machafu ya miji. Daftari lako huviita virutubisho, na jina hilo zuri limewapumbaza wengi. Chakula kikizidi tumboni ni ugonjwa. Mwaka 1989 hivi, ziwani likaonekana gugu maji, mmea wenye ua la zambarau la kupendeza, asili yake Amerika Kusini, uliosafirishwa duniani na watu wapendao mapambo ya bustani. Lilikuta meza imetandikwa. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na bandari, mashua zikashindwa kutoka, wavuvi wakakaa pwani wakitazama ukuta wa kijani. Serikali zilileta fukusi wale wale walao gugu hilo kwao, wakazalishwa na kuachiliwa, na mwishoni mwa miaka hiyo gugu likapungua sana. Hurudi, hata hivyo, kila mara virutubisho vinapolialika, na wakazi wa Winam hawahitaji kuambiwa na mimi. Angalia kwamba gugu ni mgeni, mbuta ni mgeni, na fukusi ni mgeni. Sina chuki ya wageni. Tofauti ni kwamba fukusi alichunguzwa kwanza anakula nini na hali nini, ndipo akafunguliwa mlango. Kwa mbuta swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa: anakula takataka.

Na sasa nifike mahali ambapo neno letu lilijipiga lenyewe. Kaskazini ya ghuba, mto wa Yala unapoingia ziwani, pana kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mtu wa mjini akikitazama huona matope, mbu na nyasi ndefu zisizolisha ng'ombe. Kwa miaka mingi kiliitwa ardhi isiyotumika, ambalo ni jina la adabu la takataka, na tangu miaka ya 1960 sehemu yake ilikaushwa ili palimwe. Lakini mafunjo hufanya kazi ambayo miji yetu imeshindwa kuifanya: huyapunguza mwendo maji ya mto, udongo ukatuama, na mizizi ikanyonya virutubisho kabla havijafika ziwani. Zaidi ya hayo, maji yaliyo ndani ya mafunjo yana oksijeni haba, na mbuta, jitu lile la kilo 100, hawezi kustahimili humo. Kamongo hukaa, kwa kuwa huvuta hewa ya juu. Fulu wa aina kadhaa hukaa, kwa kuwa wameumbika kuvumilia. Na katika Ziwa Kanyaboli, lililozungukwa na kinamasi hicho, amesalia ngege yule wa asili ambaye katika ziwa kuu ni kama hayupo tena. Hivyo mahali palipodharauliwa ndipo palipowaficha waliodharauliwa. Bado wapo watu, wenye ramani nzuri na suti safi, wanaokitazama kinamasi cha Yala na kusema kuwa ni ardhi iliyolala bure.

Utaniambia, msomaji, kwamba mtihani hautakuuliza habari za Kanyaboli. Pengine. Utakuuliza maana ya utando wa chakula kwa alama mbili, na mimi sikukatazi kuzichukua. Lakini nakataa usemi wa baadhi ya waalimu na wazazi kwamba elimu ya shule ni ya mtihani, na elimu ya ziwa ni ya wavuvi. Maofisa wale wa uvuvi walikuwa wamefaulu mitihani. Walijua maana ya mlaji wa kwanza na mlaji wa pili kuliko uijuavyo wewe. Hawakukosa maneno, walikosa desturi ya kulichukua neno na kwenda nalo majini, wakauliza, huyu anakula nini, analiwa na nani, akifa anaozeshwa na nani, na asipokuwapo ni kazi gani itakayolala. Maswali manne haya hayahitaji maabara. Yanaweza kuulizwa juu ya siafu katika shamba la mahindi, juu ya popo wa mwembe ulio karibu na bweni, juu ya tai ambaye wengi humchukia kwa upara wake. Mwanafunzi aliyeyauliza mara tatu juu ya kitu alichokiona kwa macho yake hatapoteza alama mbili zile, na hatakuwa ofisa wa hatari siku atakapopewa kalamu.

Kalamu hiyo haiko mbali. Tazama jambo lililo mbele yetu leo. Samaki wa porini wamepungua, na katika upande wa Kenya watu wameweka vizimba vya nyavu majini, wakifuga ngege wa Naili ndani yake na kuwalisha chakula cha kiwandani. Ni kazi halali na riziki ya wengi, na mimi siyo adui yake. Afadhali kufuga kuliko kukomba. Walakini mwezi wa Novemba 2022 samaki wengi mno walikufa vizimbani upande wa Kisumu, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni upungufu wa oksijeni, maji maovu ya chini yalipopanda juu. Wafugaji walipoteza mali ya miaka katika siku chache. Wewe umekwisha kujua maji hayo ya chini yalipataje kuwa maovu. Nimekueleza kurasa chache nyuma. Basi, akija mtu barazani kusema kwamba ghuba bado ina nafasi tele ya kuweka vizimba vingine, mwulize chakula kisicholiwa kinazama wapi. Mwulize kinyesi cha samaki walio wengi kama watu wa mji kinaozeshwa na nani, na kwa oksijeni ya nani. Mwulize ikiwa pahali hapo kina ni cha mita ngapi na maji hujipindua lini. Na akikujibu kwamba chini ya vizimba hapana kitu cha maana, ni tope tu, mwombe akae kitini, kwa heshima, umweleze habari za fulu.